Vijana wa dadu wapewe meza ukumbini

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huenda wasomaji wengi wakaliona dogo, lakini ambalo limeninyima raha tangu Jumamosi moja ya mwezi uliopita, vijana tisa waliokuwa wakicheza mchezo wa kusimulia hadithi walipotolewa katika ukumbi mmoja wa umma hapa Mombasa kwa kosa la kukutwa na dadu mezani. Ukumbi wenyewe sitautaja, wala msimamizi wake, kwa kuwa sikukusudia kumwaibisha mtu. Nimekuja kuomba meza. Nilikuwapo siku hiyo. Mimi ndiye mwanamke wa makamo aliyekuwa ameketi mwisho wa meza, na buibui langu na miwani yangu, na nadhani msimamizi hakujua anihesabu vipi katika genge lile aliloliita la wacheza kamari.

Nina saiba ndogo Mji wa Kale, ninakotoa fotokopi, kuchapa barua za kuomba kazi na kuwajazia watu fomu za serikali mtandaoni. Yapata miaka miwili sasa walianza kunijia vijana wakitaka nakala za karatasi moja ambayo sikuielewa. Juu palikuwa na nafasi ya jina, na ubavuni visanduku sita vilivyoandikwa Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba, kila kimoja kikisubiri tarakimu. Nilidhani ni fomu ya kampuni ya ulinzi. Nilipouliza ni kampuni gani hiyo inayotaka kujua haiba ya bawabu, walicheka mpaka nami nikacheka, kisha mmoja wao akanieleza kwa adabu: "Khalati, hii ni karatasi ya mhusika. Mtu mwenyewe hayupo. Tunamuunda sisi, halafu tunamtia hadithini."

Kwa wasioujua mchezo huo, huchezwa hivi. Watu wanne, watano au sita hukaa mezani, na mmoja wao huwa msimulizi. Msimulizi hueleza mahali walipo wahusika na kinachotokea mbele yao, na kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini: anabisha hodi, anapanda ukuta, anamdanganya askari, anakimbia. Jambo likiwa halina shaka, msimulizi hulipitisha. Likiwa na shaka, hutupwa dadu yenye pande ishirini, ikaongezwa kile ambacho mhusika amejaliwa katika vile visanduku sita, na jumla ikapimwa dhidi ya ugumu wa jambo lenyewe. Hakuna ubao wa lazima, hakuna mshindi wala mshindwa, na hadithi moja inaweza kuendelea kwa miezi, kila wiki ikiendelea pale ilipoachwa, kama tamthilia ya redio ambayo wasikilizaji ndio watendaji.

Siku ya kwanza niliyokubali kuketi nao walikuwa wakicheza kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi zetu za kale, alipokuwa kifungoni, ambacho sisi wa pwani tumekuzwa nacho. Sote tunajua inavyokwenda: askari hunyang'anya vyakula vizuri anavyopelekewa na mamaye kwa mkono wa kijakazi Saada, lakini mkate wa wishwa huudharau, na ndani ya mkate huo ndimo inamofichwa tupa ya kukatia minyororo. Binti aliyekuwa akimchezea Saada alifika mlangoni na mkate wake. Msimulizi, kijana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko umbo lake, akamwambia kwamba askari wa leo ana njaa tangu alfajiri na ananyoosha mkono. Binti hakubabaika. Akasema, kwa sauti ya kijakazi aliyechoka, "Bwana wangu, huu ni wishwa mtupu, chakula cha mfungwa, ukiula utakukwama kooni na mimi ndiye nitakayeulizwa." Meza nzima ikatulia. Msimulizi akakubali kwamba hilo ni neno la mtu mwenye haiba, akataka kumi na mbili. Dadu ikabingirika, ikagonga kikombe changu cha chai, ikasimama kwenye nne. Askari akaukata mkate, tupa ikalia sakafuni, na Saada akafungwa pamoja na Liyongo. Tukabaki kwa muda wa saa mbili na nusu tukitafuta njia ya kuwatoa ambayo hakuna bibi yeyote wa Lamu wala wa Pate aliyewahi kuisimulia. Nilirudi nyumbani nimechelewa kupika.

Nimekisimulia kisa hicho kwa urefu kwa sababu wanaoukataa mchezo huu hawajawahi kuusikia ukichezwa. Wangeusikia, wangetambua sauti ya ukumbini kwa bibi: paukwa, pakawa, watoto wakiingilia kati kila mara kusema kwamba sungura asingepita njia ile. Tofauti ni kwamba hapa mtoto anayeingilia kati hanyamazishwi. Anaambiwa, haya, pita njia nyingine, tutazame.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi ile. Msimamizi alizikusanya dadu akazihesabu kiganjani, zikawa saba. Wengi wetu tunaijua ile ya ludo yenye pande sita, lakini seti ya mchezo huu ina dadu za maumbo mbalimbali: ya pande nne iliyochongoka kama sambusa, ya sita, ya nane, mbili za pande kumi ambazo hutumiwa pamoja kupata namba baina ya moja na mia, ya kumi na mbili, na ile ya ishirini inayokaribia kuwa tufe. Aliishika hiyo ya ishirini kwa ncha za vidole, akaigeuza mbele ya dirisha, akauliza, "Pesa ziko wapi?" Tukamwambia hakuna pesa. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anadanganywa. Vijana wakafungua mikoba yao, na humo mlikuwa na penseli, vifutio, karatasi za fotokopi nilizowatolea mwenyewe, na mfuko wa kachri uliobaki nusu. Hayo hayakumridhisha. Dadu kwake ilikuwa ushahidi unaojitosheleza, kwa hiyo tulitolewa, dadu zikaingia ndani ya droo ya meza yake, na droo ikafungwa kwa ufunguo. Tulipokuwa tukiteremka ngazi tuliwapita vijana wengine wanne, rika lile lile, wakiwa wameinamia simu na kuweka dau juu ya mechi za Ulaya. Hao hawakuulizwa lolote, kwani simu haina umbo la dadu.

Sheria yetu ya mwaka 1966, iliyotawala mambo ya kamari nchini Kenya kwa miongo mingi, iliifasiri kamari kuwa ni kucheza mchezo wa bahati kwa ajili ya kupata fedha au kitu chenye thamani ya fedha. Palipo na bahati bila ya dau, neno hilo halifiki. Kama bahati peke yake ingekuwa kosa, basi dhumna na karata zinazochezwa kila jioni barazani, hatua chache kutoka misikitini na makanisani, zingekuwa zimeshawajaza watu mahabusu, kwa maana hakuna anayejua atapata kipande gani mpaka ameshakiokota. Bao ndilo lisilo na bahati hata chembe: mashimo thelathini na mbili, kete sitini na nne, na yote yapo wazi mbele ya macho ya wachezaji, kiasi kwamba aliyeshindwa hana wa kumlaumu. Labda ndiyo sababu wachezaji wa bao huwa na majivuno kuliko wengine wote.

Lakini najua kwamba Mombasa lipo swali jingine lenye uzito kuliko la sheria, na nisingependa kulipita kama ambaye sikuliona. Siku chache baada ya tukio lile, mzee mmoja mtaani kwetu, ambaye namheshimu na ambaye hana tabia ya kuropoka, alinikumbusha hadithi iliyomo katika Sahih Muslim kuhusu nardi, mchezo wa kale wa ubao na dadu, kwamba anayeucheza ni kama aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe, na kwamba wanazuoni wengi wameuharamisha hata pasipokuwa na dau. Mimi si mwanachuoni. Siwezi kumwambia mzee huyo kwamba katazo lile linahusu nardi pekee na haliigusi dadu inayoamua kama Saada amempumbaza askari, wala siwezi kumwambia kijana kwamba halimgusi. Nililoweza kufanya ni kulipeleka mezani. Meza yetu ina Waislamu na Wakristo, na miongoni mwa Waislamu wenyewe walikuwamo waliosema hawaoni tatizo na waliosema kwamba kama kuna shaka ni bora kuiacha. Hapakuwa na ugomvi. Wale wenye shaka waliuliza tu kama mchezo unaweza kuchezwa bila dadu.

Unaweza, na si hapa kwetu ulikovumbuliwa ufumbuzi huo. Mwaka 1979 nchini Marekani, kampuni iliyokuwa ikichapisha mchezo mkubwa kuliko yote wa aina hii ilikosa dadu za kutosha kutia katika maboksi yake, ikatia badala yake vipande vya kadi vyenye namba, ili mchezaji avitie kikombeni na kuchota kimoja kila inapohitajika. Nami nilikata kura ishirini kwa manila kwa kisu changu cha kukatia karatasi, tukazitia ndani ya kikombe cha kahawa tungu kisicho na kishikio, tukaanza. Baada ya wiki mbili ikagundulika kwamba binti wa Saada alikuwa akichota ishirini mara nyingi mno. Kosa lilikuwa langu: kura ya ishirini niliikata mshazari, na kidole chake kikaijua pembe yake, jambo ambalo alilikiri mwenyewe huku amejifunika uso kwa mtandio. Tukakata upya. Halafu kijana mwingine akauliza kama kura iliyokwisha kutolewa irudishwe kikombeni au iwekwe kando, na swali hilo likatula jioni nzima, kwa sababu ikiwekwa kando, aliyechota ndogo tatu mfululizo anajua kwamba kubwa bado zimo na anaanza kuwa shujaa kupita kiasi. Tuliamua irudishwe na kikombe kitikiswe. Kura, kama tujuavyo, inayo asili yake katika dini, kwa kuwa imethibiti kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akipiga kura baina ya wakeze anapotaka kusafiri na mmoja wao. Sisemi kwamba kura ya safari na kura ya mchezo ni kitu kimoja. Hilo nawaachia wenye elimu yake, na ningefurahi mno mmoja wao angekuja kuketi nasi jioni moja, aone kinachofanyika kabla ya kutoa neno.

Kuna hesabu katika haya yote ambayo sikuitarajia. Kanuni wanazozitumia zinasema kwamba mhusika aliye katika hali nzuri hutupa dadu mbili za ishirini na kuchukua iliyo kubwa, na aliye katika hali mbaya hutupa mbili na kuchukua iliyo ndogo. Msichana mmoja wa sekondari, ambaye mamake huniambia kila siku kwamba hesabu zimemshinda, alitukokotolea nyuma ya risiti kwamba ukihitaji kumi na tano kwenda juu, dadu moja inakupa asilimia 30, lakini mbili zinakufikisha asilimia 51. Alipoulizwa amejuaje, alisema aliipata kwa kuhesabu njia za kushindwa badala ya za kushinda. Sikumwambia mamake, kwa kuhofia asije akaugeuza mchezo kuwa masomo ya ziada.

Nimejitahidi kujua michezo hii imetoka wapi, na jibu ni kwamba ilianzia kwa wanajeshi. Mwaka 1824 ofisa kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani kwa vipande vya rangi nyekundu na buluu, kwa dadu, na kwa mwamuzi aliye kati ya pande mbili. Mwandishi wa Kiingereza H.G. Wells alichapisha mwaka 1913 kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea kwa mizinga midogo ya springi. Kisha Wamarekani wawili waliolelewa katika vita hivyo vya mezani, Gary Gygax na Dave Arneson, wakaja na wazo la kumfanya kila mchezaji awe mtu mmoja badala ya kuwa jemadari wa jeshi zima, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons, nakala elfu moja za kwanza.

Tawi la zamani la askari wadogo nalo halijafa, na hapa ndipo vijana wetu walipofanya jambo ambalo mimi naliona kubwa. Visanamu vinavyouzwa ng'ambo kwa ajili ya vita vya vikosi vidogo, vyenye urefu wa milimita 28 hivi, ni ghali, na ukishalipa bei, usafirishaji na ushuru, kikosi cha watu kumi kinaweza kumgharimu kijana pesa za miezi. Kwa hiyo walinunua askari wa plastiki wa kuchezea watoto, wakawavisha kanzu za karatasi ya shashi iliyolowekwa kwenye gundi, wakawafunga vilemba vya uzi, wakawapaka rangi kwa njiti za kiberiti. Kisha waliniomba maboksi matupu ya karatasi za fotokopi. Niliwapa saba. Baada ya mwezi maboksi yangu yalirudi dukani yakiwa Ngome Yesu, na buruji zake zote nne, Mtakatifu Mateo, Mathia, Alberto na Filipo, kuta zake zimepakwa mchanga uliochanganywa na gundi hadi zikawa na ule ukakasi wa jiwe la matumbawe. Walikuwa wameizunguka ngome yenyewe kwa miguu wakihesabu hatua. Kwenye kona moja ya ukuta bado husomeka, chini ya rangi, maneno "karatasi 500".

Vita hivyo huchezwa kwa utepe wa kupimia wa fundi cherehani: askari anatembea inchi sita, bunduki inafika inchi ishirini na nne na inahitaji zamu nzima kushindiliwa upya, na kama unabishana iwapo askari wako anamwona wa mwenzako, unapiga magoti na kuweka jicho usawa wa meza utazame kutoka pale alipo. Mzingiro wanaoucheza ni ule wa Waomani ulioanza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu. Walipokuwa wakipanga pande, kijana mmoja alikataa kabisa kuwa upande wa Wareno, akisema hawezi kupigana na nduguze Waislamu. Mwenzake aliyekuwa amesoma zaidi akamwambia kwamba ndani ya ngome hawakuwamo Wareno peke yao, walikuwamo Waswahili vilevile, na miongoni mwao watu wa Faza, waliokufa humo pamoja na Wareno kwa njaa na maradhi. Nilimwona kijana yule akikitazama kile kisanamu chenye kilemba alichokuwa amekishika. "Kwa nini?" aliuliza, na hakuna aliyekuwa na jibu tayari. Wiki iliyofuata walikuja saiba watatu, wakakodi kompyuta moja kwa saa mbili, wakawa wanasoma habari za Faza na Pate na uhasama wa miji ya visiwani, habari ambazo nilisomeshwa shuleni kwa mistari miwili. Ndipo wakatunga kanuni yao wenyewe kwamba kila raundi nne, ambazo ni sawa na mwezi mmoja, kila upande unachota kura ya maradhi, na kura hiyo inawaua watu wengi kuliko bunduki zote zilizopo mezani. Wamelitia hata jahazi la Santo António de Tanná, lililozama chini ya ngome mwaka 1697; limetengenezwa kwa kifuu cha nazi.

Yapo malalamiko mawili niliyoyasikia na ambayo nitayajibu kwa ufupi. La kwanza ni kwamba mimi, mwenye saiba, ninafaidika kwa kuwachapishia vijana vitabu vya watu. Jibu ni kwamba kanuni za msingi wanazozitumia, kurasa zipatazo mia nne, ziliwekwa na wachapishaji wa Dungeons & Dragons wenyewe chini ya leseni huria mwezi Januari 2023, leseni inayomruhusu yeyote kuzinakili, kuzitafsiri na hata kuziuza, alimradi ataje zilikotoka. Vitabu vingine vyenye hakimiliki sivitoi nakala, na wapo waliokasirika nami kwa sababu hiyo. Ruhusa hiyo ya kutafsiri ndiyo iliyowapa vijana kazi wanayoifanya sasa katika daftari la mistari, ya kuzigeuza kanuni hizo kwa Kiswahili, na mabishano yake ni matamu kuliko mchezo. Kile kiasi cha uhai alichobakiwa nacho mhusika wamekiita pumzi, baada ya kulikataa neno damu kwa kuwa mizuka haina damu. Ile hali ya kutupa dadu mbili na kuchukua kubwa wameiita mteremko, na kinyume chake mlima, na yeyote anayeijua njia ya kupanda kutoka kivuko cha Likoni akiwa na mzigo hahitaji kufasiriwa. Neno la msimulizi lilipita bila kupingwa. Neno la joka limekwama hadi leo, kwa kuwa nusu ya meza inataka nyoka mwenye vichwa saba na nusu inataka zimwi.

La pili ni kwamba mchezo una majini na uchawi ndani yake, na utawaharibu watoto. Tuhuma hiyo si ngeni. Katika miaka ya themanini wazazi wengi wa Marekani waliushutumu mchezo huu kwa ushetani na hata kuuhusisha na vijana waliojiua, na waliochunguza hawakukuta ushahidi kwamba mchezo ndio uliosababisha. Ningeongeza kwamba mtoto wa Mji wa Kale amekwisha kusikia habari za majini kabla ya kujua kusoma, na aliyemsimulia ni nyanyake, usiku, taa imezimwa. Mzazi ambaye hataki neno hilo mezani amwambie msimulizi, litaondolewa. Hadithi ya kuvusha mzigo wa karafuu kwa jahazi wakati wa kusi haihitaji jini hata mmoja ili iwe ya kutisha.

Nimeulizwa pia kwa nini wasichezee nyumbani au barazani. Nyumba zetu hazina nafasi ya meza ya watu tisa, na mzazi aliyelala baada ya zamu ya usiku bandarini hawezi kuvumilia kelele za watu waliomwona askari akiukata mkate. Barazani upepo wa bahari unachukua karatasi na kuwalaza askari wa pande zote mbili kwa pigo moja, na jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba mabinti hawawezi kukaa barazani hadi magharibi pasipo maneno ya watu kuwafika mama zao kabla wao hawajafika. Ukumbini wanaweza. Watatu kati ya wale tisa ni wasichana, na sasa hawachezi tena, ilhali wavulana wamejibanza nyuma ya duka langu, baina ya mashine na ukuta, wanakocheza wamesimama.

Ninachoomba kwa kaunti na kwa wasimamizi wa kumbi na maktaba za umma ni meza moja ndefu na viti kumi, kila Jumamosi kuanzia baada ya swala ya adhuhuri, wakipumzika kwa alasiri, hadi kabla ya magharibi, kwa ada ile ile wanayotozwa vikundi vingine vya vijana. Mtu mzima atakuwapo. Nikikosa mimi, wapo wazazi wawili waliojitolea. Msimamizi na aje akague mezani saa yoyote, na akikuta hata shilingi moja imewekwa dau, atutoe wote nami niwe wa kwanza kutoka.

Zile dadu saba bado zimo ndani ya droo. Ni za kijana mmoja ambaye mjomba wake ni baharia. Alimletea kutoka safarini ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa, na mfuko huo anao bado, mtupu. Hajaenda kuzidai kwa kuwa anaogopa kuulizwa tena pesa ziko wapi. Nitapita mwenyewe ukumbini Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua duka, nikiwa na nakala ya barua hii kama utakuwa umeichapa, na nitashukuru nikikuta ufunguo wa droo upo.

Wako mtiifu,
Mwenye saiba, Mji wa Kale,
Mombasa